Siku Kumi na Mbili Kinamasini

Kalunde alipofika nyumbani Kivaa mwishoni mwa Agosti 1997, kaburi la mama yake lilikuwa limeshaanza kutitia upande wa miguu. Baba yake, Jeremiah Nzuki, alilizunguka naye mara moja, akamwonyesha mahali alipopanga kuongeza udongo kabla ya mvua, kisha akamwacha pale. Kalunde alisoma msalaba wa mbao. Mbinya Nzuki. Alikufa 16 Juni. Aliitazama tarehe ile kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama jina.

Mama yake mdogo, Kamanthe, ndiye aliyekuja kumtoa hapo. Alimshika mkono kama mtoto anayevushwa mto.

"Njoo unywe uji," alisema. "Usijilaumu, mwana. Mtu hawezi kuja kwa habari ambayo haijamfikia."

Kalunde alikunywa uji.

Kamanthe alikuwa mjane, nyumba yake iko ng'ambo ya korongo, mwendo wa dakika kumi. Saratani ya tumbo ilipomlaza dada yake mwezi wa tatu, alifunga nyumba yake akahamia hapa. Kwa miezi mitatu alimwosha, akambadilishia nguo, akamlisha uji kwa kijiko cha chai. Sasa alikuwa amerudi kwake, lakini tangu Kalunde afike alikuja kila asubuhi, na kila asubuhi alikuja na neno lake la upole. Si makosa yako. Ulikuwa porini. Mungu aliona. Kalunde aliyasikia maneno hayo akatamani afadhali angetukanwa.

Alikuwa na miaka ishirini na minane. Alikuwa mtu wa kwanza wa Kivaa kusomea wanyama chuo kikuu, na alipopata nafasi ya kuendelea na masomo Finland mwaka 1995, baba yake alichinja mbuzi. Huko alikuwa akichunguza bata maji wa mwituni, jinsi wanavyotaga na kulea katika vinamasi vya kaskazini ya mbali. Watu wa nyumbani walijua hivyo tu. Walijua pia kilichoandikwa katika barua yake iliyofika mwishoni mwa Julai: kwamba alikuwa ndani ya kinamasi ambako hakuna simu, kwamba habari ya ugonjwa na habari ya kifo zilimfikia siku moja, mama akiwa ameshazikwa. Mzee Nzuki, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, aliisoma barua hiyo mbele ya waumini Jumapili moja, kwa sababu kulikuwa na minong'ono. Minong'ono ikaisha.

Jumamosi ya kwanza wanawake wa jirani walikuja kumpa pole rasmi. Walikaa sebuleni kwenye viti vyenye vitambaa ambavyo Mbinya alivifuma mwenyewe, chai ikapita, pole zikaisha. Ndipo Mutheu, jirani wa upande wa chini, akauliza alichokuwa akitaka kuuliza tangu aingie.

"Hao ndege wako, ni kama hawa bata wa hapa bwawani Masinga?"

"Wakubwa zaidi," Kalunde alisema. "Akisimama na kunyoosha shingo, kichwa kinanifika hapa." Aligusa kifua. "Mweupe wote. Mdomo una rangi ya manjano, ncha nyeusi. Akiita unamsikia kutoka hapa mpaka soko."

"Na anakaa wapi?"

Kalunde hakutaka kuendelea, lakini baba yake alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake, macho yamefunguka kwa mara ya kwanza tangu binti yake afike. Kwa hiyo aliendelea. Aliwaeleza juu ya ardhi ambayo ni maji na majani tu, ukiikanyaga inatikisika kama godoro, na vijiziwa vidogo vyeusi kati yake. Alisema barafu inakaa mpaka Mei. Bata maji hufika kutoka kusini kabla haijayeyuka, wakangoja kwenye mikondo ya mito ambako maji hayagandi, na barafu ikifunguka tu kila jozi hukimbilia mahali pake. Hurudi kwenye kiota kilekile mwaka baada ya mwaka. Kiota chenyewe ni kilima cha ndago na majani yaliyooza, kipana kama kitanda, na kila mwaka wanakiongezea.

"Jike anataga mayai manne, matano, wakati mwingine sita. Anayaatamia siku thelathini na tano. Akitoka kula, anayafunika kwa majani na manyoya ili yasipoe na kunguru asiyaone."

"Na bwana? Bwana haleti chakula?"

"Haleti. Anasimama karibu analinda."

"Basi ni kama wa hapa," Mutheu alisema, na wanawake wakacheka, hata Kamanthe.

"Waambie kuhusu jua," Mzee Nzuki alisema.

"Mwezi wa sita jua halitui," Kalunde alisema. "Linashuka mpaka juu ya miti, linapanda tena. Wiki nyingi."

Wanawake walitikisa vichwa. Mmoja alisema Mungu ana mashamba mengi. Hakuna aliyekuwa ameona kwamba Nzau, kaka yake Kalunde, alikuwa amefika na amesimama mlangoni. Nzau alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Tala, na alikuja nyumbani kila Jumamosi ya pili. Alikuwa bado amebeba mfuko wa misumari aliomletea baba.

"Na mwaka huu," aliuliza, "hayo mayai yalianguliwa tarehe ngapi?"

Kalunde alimgeukia. "Ishirini na mbili Juni."

"Na wewe ulikuwa hapo siku zote, ukitazama."

"Nilikuwa hapo."

"Ni kazi ya uvumilivu," Nzau alisema. Aliuweka mfuko chini akaenda nje kunawa.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya watu kujiandaa kwa kanisa, Kalunde alimfunga punda mitungi akaenda kuchota maji kwenye mkono wa bwawa. Nzau alimfuata. Walitembea mpaka ukingoni, pale ambapo ng'ombe walikuwa wameukanyaga udongo ukawa tope lenye mashimo. Bata bukini wawili waliondoka wakipiga kelele. Nzau alitoa pochi, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Tarehe tisa Juni nilienda ile ofisi ya faksi Tala nikakutumia habari kwa chuo chako. Nikafunga duka nikaja huku, nikakaa na mwaitu mpaka tukamzika; faksi ya kifo nilimpa jirani aitume kutoka Matuu. Niliporudi Tala, mama wa ofisi akaniambia niko na jibu. Lilikuwa limelala kwake tangu tarehe kumi."

Kalunde aliichukua. Ilikuwa karatasi laini ya faksi, na maandishi yake yalikuwa yamefifia. Mtu alikuwa ameyapitia kwa kalamu ya wino wa bluu, herufi moja moja, yasipotee. Ilikuwa mistari miwili ya Kiingereza kutoka kwa katibu wa idara yake. Ujumbe wako umepokelewa. Umefikishwa kwa Kalunde leo, tarehe 10 Juni, kupitia redio ya kituo cha misitu.

"Ni wewe uliyeandika juu yake?"

"Ilikuwa inapotea. Nilitaka uione."

"Mbona hukumwonyesha nau?" Kati yao walimwita baba nau na mama mwaitu, kwa Kikamba.

"Nilitaka. Halafu barua yako ikafika." Nzau alitazama maji. "Wewe hukumwona na hiyo barua, Kalunde. Alikuwa haongei tangu mazishi. Alikuwa anakaa pale jikoni kwa mwaitu, mlango umefungwa. Barua ikafika, akaisoma, akatoka nje akaanza kurekebisha ua. Ningemwonyesha hii saa ngapi?"

Kalunde alimrudishia karatasi. Nzau hakuipokea.

"Mwaitu alikufa Jumatatu," alisema. "Tarehe kumi na sita. Kutoka huko kwenu mpaka hapa ni siku ngapi?"

"Nne."

"Ungemkuta. Hata ungechelewa kidogo, ungemkuta." Sauti yake haikupanda. "Mimi sitaki kujua sababu. Mwambie nau wewe mwenyewe kabla sijarudi Jumamosi ya pili. Usipomwambia, nitamwambia."

Alimsaidia kumpakia punda mitungi iliyojaa, akavuta kamba akaangalia kama iko imara. Halafu akatangulia.

Karibu wiki mbili zikapita. Ulikuwa wakati wa mbaazi. Mzee Nzuki alikuwa amezianika uani juu ya turubai, na kila alasiri aliketi kuzipiga kwa fimbo huku Kalunde akipepeta. Mara tatu Kalunde alifungua mdomo kusema, mara tatu akasema jambo lingine. Ijumaa ya pili, siku moja kabla ya Nzau kurudi, baba yake mwenyewe alimfungulia njia bila kujua.

"Nimekuwa nikifikiri juu ya huyo ndege wako," alisema. "Siku thelathini na tano. Na mwanadamu anamtazama siku thelathini na tano. Mama yako angecheka sana."

Kalunde aliweka ungo chini.

"Nau, habari zilinifikia."

Fimbo iliendelea kupiga mara mbili, ikasimama.

"Zilinifikia tarehe kumi. Mama alikuwa hai. Sikuja."

Akamweleza. Hakuna aliyekuwa amemwuliza hayo hapo awali, na hata yeye alishangaa jinsi yalivyotoka kwa mpangilio, kama yalikuwa yakingoja. Mtu wa kituo cha misitu alikuja kwa miguu akitembea juu ya mbao zilizotandikwa kinamasini, akampa karatasi iliyoandikwa kwa penseli: mama mgonjwa sana, njoo. Akamwambia gari la kituo lingeondoka kesho yake saa sita mchana. Kalunde alifunga mkoba wake jioni hiyo. Asubuhi alienda kukiangalia kiota kwa mara ya mwisho, kutoka kwenye kibanda chao cha turubai, kwa darubini. Jike alikuwa amesimama akiyageuza mayai kwa mdomo. Yalikuwa matano.

Mwaka uliotangulia, theluji ilichelewa kuyeyuka, kisha ikayeyuka yote kwa wiki moja. Maji yalipanda yakakifunika kiota kilekile. Kalunde aliona mayai yakielea na jike akiyazunguka siku mbili, kabla hajaondoka. Mwaka mzima wa kazi ulienda hivyo. Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho wa kinamasini, na hakukuwa na mtu wa kumshikia nafasi. Mwanafunzi mwenzake alikuwa kwenye kinamasi kingine, zaidi ya kilomita themanini. Profesa wao alikuwa safarini. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja, labda kumi na mbili.

"Yule mtu wa gari alipokuja nilimwambia aende. Nilimwambia nitaondoka mayai yakianguliwa. Akaniuliza tena, akidhani sikumwelewa. Nikamwambia aende."

Mzee Nzuki hakumtazama. Alikuwa akiitazama fimbo.

"Tarehe kumi na nane alirudi," Kalunde alisema. "Safari hii alikuwa amevua kofia. Alisema kuna faksi nyingine, ya kifo, na mazishi ni Jumamosi. Nilijua siwezi kuwahi tena. Basi nikabaki. Yalianguliwa Jumapili, siku moja baada ya mama kuzikwa. Niliandika saa na dakika."

"Yote?"

"Manne. Moja lilikuwa bovu."

Kuku waliingia uani wakaanza kuokota mbaazi pembeni ya turubai, na hakuna aliyewafukuza.

"Ni mayai tu yaliyokuzuia?" baba yake aliuliza hatimaye.

Swali hilo Kalunde hakuwa amelitarajia. Alijibu polepole.

"Krismasi nilipokuja, nilimsugua mama mgongo. Alikuwa bado anasema ni vidonda vya tumbo. Niliona mifupa yote ya mgongo. Nilirudi Finland nikiwa najua. Karatasi ilipofika, nilijua nikija nitamkuta vile, na zaidi ya vile, na hakuna kitu nitakachoweza kufanya. Pale kinamasini kulikuwa na kazi ninayoiweza. Nilijiambia ni mayai. Nafikiri niliogopa."

"Na barua."

"Barua niliandika kwa aibu."

"Niliisoma mbele ya watu."

"Najua, nau. Nzau aliniambia."

"Sikukuuliza kama unajua." Aliinuka, akaegemeza fimbo ukutani kwa uangalifu. "Nzau pia anajua?"

"Ana karatasi. Alitaka niseme mwenyewe."

Mzee Nzuki aliingia ndani. Jioni hiyo alikula chakula alichopikiwa na Kalunde, akasema asante, akaomba, akalala. Jumamosi Nzau alikuja, akawatazama wote wawili, akaelewa. Alienda kufanya kazi ya kuongeza udongo kaburini, na baba yake akaenda kumsaidia. Walifanya kazi mpaka jua likawa kali. Walipomaliza, Mzee Nzuki alimwita Kalunde.

"Kesho nitasema kanisani," alisema. "Si lazima usimame. Lakini uwepo."

Kanisani hakukaa kwenye benchi la mbele pamoja na wazee wenzake. Aliketi nyuma, karibu na mlango, na watu waligeuka mara kwa mara kumtazama. Wakati wa matangazo alitembea mpaka mbele. Hakuwa na karatasi.

"Mwezi wa saba niliwasomea barua hapa," alisema. "Ndani yake kulikuwa na uongo. Mimi sikujua, lakini uliwafikia kwa mdomo wangu, na ninautoa kwa mdomo uleule. Binti yangu alipata habari mama yake akiwa hai. Hakuja. Hilo ndilo la kweli. Ninaomba wazee waniruhusu kupumzika kazi yangu mpaka mwisho wa mwaka. Nimemaliza."

Kalunde alijikuta amesimama katikati ya wanawake. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, lakini yaliyotoka yalikuwa mawili tu.

"Ni kweli."

Upande wa pili wa safu ileile Kamanthe aliinuka, akachukua Biblia yake na kitambaa chake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakufanya haraka. Mlango ule ulikuwa mzito, na watu wote walisikia ukijifunga.

Tangu siku hiyo Kamanthe hakuja tena asubuhi. Kalunde alimfuata kwake mara mbili. Mara ya kwanza alimkuta akifua, na Kamanthe aliitikia salamu bila kuinua kichwa, akaendelea kufua mpaka Kalunde akaenda. Mara ya pili mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Sokoni watu hawakumtukana. Walimsalimu kwa sauti ya kumsalimu mgeni. Mutheu peke yake ndiye aliyesema wazi, walipokutana njiani: "Mimi ningesema uongo pia. Lakini ningekuja." Akaendelea na safari yake.

Kwa Nzau mambo yalikuwa mepesi kidogo. Kweli ilipotoka, hasira yake ilianza kuisha, kama mtu aliyetua mzigo. Alimletea Kalunde magazeti kutoka Tala. Siku moja alimwuliza yule profesa alisema nini. Kalunde akamweleza kwamba profesa alirudi kutoka safarini mwezi wa nane, akauliza mama anaendeleaje, na akaambiwa alikufa mwezi wa sita. Kisha akasema kwamba ndege wangetaga tena mwaka ujao, na mwaka mwingine, na kwamba hakuna mtu aliyemwomba afanye alivyofanya. Kesho yake alimpeleka mwenyewe uwanja wa ndege.

"Alikuwa amekasirika?" Nzau aliuliza.

"Alikuwa na huzuni. Ilikuwa mbaya kuliko hasira."

Kalunde alikuwa amepanga kurudi Finland katikati ya Novemba. Halafu mvua ikaja. Ilianza Oktoba kama mvua yoyote ya vuli, watu wakafurahi wakapanda. Kisha ikakataa kuacha. Kila mtu alijifunza neno El Niño kutoka redioni, hata wazee wasiojua Kiingereza wakalitamka. Barabara ya kwenda Matuu ilikatika sehemu mbili. Korongo kati ya nyumba mbili likawa mto wa kahawia wenye kelele, na kwa siku nne hakuna aliyeweza kuvuka kwenda kwa Kamanthe.

Siku ya tano maji yalipungua kidogo, na Mzee Nzuki akavuka kwa kamba pamoja na majirani wawili. Walimkuta Kamanthe amekaa juu ya meza. Ukuta wa nyuma wa nyumba yake, wa matofali ya udongo, ulikuwa umeanguka usiku uliotangulia, na paa limeinamia kitanda. Alikuwa mzima. Walimvusha akiwa mgongoni mwa baba yake Kalunde, kuku wawili ndani ya kikapu, na kitambaa kimefungwa kichwani kama anayekwenda kanisani.

Hakukuwa na mahali pengine pa kumlaza. Chumba kilikuwa kile kilichokuwa cha Mbinya, chenye vitanda viwili, na kitanda kimoja kilikuwa cha Kalunde.

Kwa siku tatu waliishi hivyo. Walipika pamoja katika jiko la Mbinya, wakipitishiana sufuria, na maneno yao yalikuwa chumvi, maji, funga mlango. Mvua ilipiga mabati mpaka mtu alilazimika kupaza sauti kuomba kijiko. Siku ya nne, alasiri, ilinyamaza ghafla. Kamanthe alikuwa akikoroga uji. Alisema bila kugeuka:

"Jumatano alikula vizuri. Tarehe kumi na moja. Alikula uji kikombe kizima akaniomba nimsuke. Nywele zilikuwa chache, lakini nilimsuka."

Kalunde alikuwa akichagua maharagwe. Aliacha mikono yake pale ilipokuwa.

"Akaniuliza, 'Kalunde amefika?' Nikamwambia bado. Alhamisi akaniuliza tena. Ijumaa aliuliza mara tatu, na nilimwona moyo unaingia baridi kila nikisema bado. Kwa hiyo Jumamosi nikamwambia uko njiani. Nikamwambia Nzau amepata habari, umepanda ndege. Mimi ndiye nilitunga hayo. Kaka yako hakuwa na habari yoyote."

Aliongeza kuni moja, akaipuliza.

"Alifurahi. Alitaka kubadilishwa shuka. Jumapili aliniambia nikuwekee ndizi, kwa sababu huko mliko hakuna ndizi nzuri. Jumatatu alfajiri hakuongea tena, lakini mlango ukifunguliwa aligeuza macho. Baba yako alipoingia, aligeuza macho. Nzau alipoingia, aligeuza macho. Halafu akafa."

Kalunde alikuwa akilia, lakini bila sauti, kwa sababu hakutaka Kamanthe anyamaze.

"Nilipoisikia ile barua yako kanisani nilishukuru Mungu," Kamanthe alisema. "Nilisema, hata mimi sikumdanganya sana, kama mtoto angejua angekuwa njiani kweli. Niliishika hiyo. Miezi miwili niliishika. Ndiyo maana nilikuja kukwambia kila siku usijilaumu, nilikuwa najiambia mwenyewe." Sasa aligeuka. Uso wake ulikuwa umechoka tu. "Hukuja, hiyo ninaweza kuielewa. Watu wanaogopa. Hata mimi niliogopa, nilikuwa nikitoka nje kutapika. Lakini ulinifanya nimdanganye dada yangu akifa. Hiyo bado siwezi kukusamehe, Kalunde. Najaribu. Siwezi bado."

"Sikuombi unisamehe," Kalunde alisema. "Niambie mengine. Niambie kuanzia mwezi wa tatu."

Kamanthe alimtazama kama anayepima kitu. Kisha akavuta kigoda, akaketi, akaanza na siku aliyofika na godoro lake kichwani, jinsi Mbinya alivyomkaripia kwa kuacha mbuzi wake peke yao. Aliongea mpaka uji ukashika chini. Waliula hivyohivyo. Aliendelea kesho yake, na siku iliyofuata, wakati mwingine akirudia jambo moja mara mbili, wakati mwingine akinyamaza saa nzima katikati. Mzee Nzuki alipita mlangoni akasikia, akaleta kiti chake. Baadhi ya mambo hata yeye hakuyajua.

Mvua ilipoisha walimjengea Kamanthe nyumba mpya, ya mawe mpaka dirishani, na Nzau akaleta mabati kutoka dukani kwake. Kalunde alibeba maji ya kuchanganyia saruji. Kamanthe alihamia huko mwezi wa kwanza. Hakuanza tena kuja kila asubuhi, lakini mlango wake haukufungwa kwa ndani.

Barabara ilifunguka Februari. Kalunde alikuwa ameandikia chuo kwamba hataomba mwaka mwingine wa kinamasini. Angeandika tasnifu kwa kumbukumbu alizonazo, mwaka mmoja mbovu na mmoja mzuri, na kama haitoshi, basi haitoshi. Profesa alijibu kwamba itatosha. Angemaliza mwezi wa kumi na kurudi.

Asubuhi ya kuondoka, Kamanthe alikuja na ndizi zilizofungwa kwenye gazeti. Hakumkumbatia. Alimpa mkono, akaushika kidogo.

"Barua zako," alisema, "usiandike kwa baba yako peke yake. Andika na yangu. Nzau atanisomea."

"Nitaandika."

"Na uandike ya kweli. Hata kama ni mbaya."

"Nitaandika ya kweli, mama mdogo."

Kamanthe aliitikia kwa kichwa. Nzau alikuwa ameshapakia mkoba kwenye pikapu ya duka na alikuwa akiwasha injini. Mzee Nzuki alipanda mbele, kwa sababu alikuwa ameamua kumsindikiza mpaka Nairobi, na akasogea ili binti yake apate mahali pa kukaa.